Mwenye Msiba wa Jumamosi

Mara ya kwanza kuniona, aliweka mezani sketi aliyokuwa ameileta kupunguzwa, akanitazama usoni muda mrefu bila haya, kisha akasema, "Fundi, wewe una sura ya mtu aliyeua."

Nilikuwa kwenye cherehani yangu pale Kayanga, barazani kwa duka la misumari na mabati, na wateja wengine walikuwepo wakisikiliza. Nikamwambia dada, kama umekuja kunitukana, chukua sketi yako uende. Akacheka, akavuta kigoda, akakaa.

"Sikutukani. Nakupa kibarua."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwa mshukiwa. Kwa miaka mingi, kila Jumamosi nisiyokuwa na nguo za harusi za kumalizia, nilishukiwa kuua wafanyabiashara wa kahawa, mashemeji, wenyeviti wa vyama, mabwana harusi, na safari moja padri mstaafu. Huyo padri tulimwondoa baada ya onyesho moja tu, kwa sababu Wakatoliki walinuna na Walutheri walifurahi kupita kiasi.

Watu walimwita Mwenye Msiba. Walianza kwa kumkejeli, maana biashara yake ilikuwa kuandaa vifo visivyotokea, na yeye badala ya kununa akaitikia. Ukimpigia simu ukamwita kwa jina alilobatizwa, alikuuliza wewe ni nani na unamtafuta mtu gani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze. Watu wamealikwa kwenye sherehe. Binti anaagwa, mtoto amepata kipaimara, kikundi cha akina mama kinafunga mwaka, au wafanyakazi wanamuaga bosi wao aliyehamishwa. Chakula kimeliwa nusu. Mara mtu anaingia mbio, jasho linamtoka, anasema tajiri wa kahawa amekutwa ghalani amekufa. Hapo Mwenye Msiba anachukua kipaza sauti na kutangaza kwamba hakuna anayetoka mpaka muuaji apatikane, na kwamba polisi siku hiyo ni waalikwa wenyewe. Sisi washukiwa tunasimamishwa mbele. Wanatuuliza wanachotaka. Wanakwenda kukagua ghala, wananusa vikombe, wanapima viatu vyetu kwenye alama za tope. Kila mshukiwa anaruhusiwa kudanganya mara moja tu. Mwishoni kila mwalikwa anajipanga mstari nyuma ya mshukiwa anayemdhania, kama uchaguzi wa zamani, kisha muuaji anapiga hatua mbele na kukiri.

Nimeona mama mmoja mnene, mke wa ofisa fulani, akitambaa kwa magoti chini ya meza akitafuta kitufe cha shati langu. Nimeona mchungaji akimpa mwinjilisti wake kiwiko cha mbavu ili aulize swali yeye kwanza. Watu wanaokaa kwenye harusi wamekunja mikono, macho kwenye sufuria ya pilau, walikuwa wanaondoka kwetu wamekauka sauti.

Zamani alikuwa MC wa harusi, na aliiacha kazi hiyo kwa hasira. Alisema watu wetu wanakaa sherehe kama wanasubiri kuitwa zahanati. "Unawaambia wapige makofi, wanapiga. Unawaambia wacheze, wanacheza. Hakuna anayetaka kitu! Nikasema nitawapa kitu watakachokitaka wenyewe mpaka wasahau soda." Alilisema hilo akiwa anatafuna kahawa kavu, zile punje za kuchemshwa ambazo kwetu mgeni anapewa mkononi kabla ya lolote. Alizitafuna kutwa nzima. Mfuko wake wa koti ulikuwa unanukia kahawa, na mimi niliyemrekebishia makoti yake yote najua ninachokisema.

Hadithi zake hakuziandika popote. Alizitunga kwenye bodaboda, amekaa nyuma akimpigia dereva kelele sikioni, "Sasa, kama wewe ungekuwa umemuua baba mkwe wako, pikipiki ungeificha wapi?" Dereva mmoja wa Murongo alimshusha katikati ya njia na kukataa hata nauli. Hakuweza kukutana na mtu bila kumtafutia sababu ya kuuawa. Alikuwa ananisalimia, ananiuliza habari za watoto, halafu ananiambia, "Wewe ungeuawa kwa ajili ya mpaka." Sababu zake alizichuma hapahapa. Mti wa mpaka uliosogezwa kibanja cha jirani, lile shamba la migomba la nyumbani, kikiwa hakina mtu. Butura, yaani ule ununuzi wa kahawa ikingali maua, ambao umewaacha wengi wakivuna mali ya mwenzao kwenye shamba lao wenyewe. Mbuzi waliovuka kwenda Uganda na bwana mmoja wakarudi na mwingine. Hakuhitaji kuazima visa vya watu wa mbali.

Kitu kimoja hakukikubali kabisa, nacho ni uchawi. Mwanzoni waalikwa walikuwa wanaanza maswali kwa kutaja majina. Ni yule shangazi, ana jicho baya. Ni jirani, huyo tangu zamani anasemwa. Mwenye Msiba alikuwa anakizima kipaza sauti, anakwenda mpaka alipo huyo mtu, anasimama mbele yake. "Waitu, ndugu yangu, usinitajie jina. Nitajie ulichokiona." Kama mtu hana alichokiona, anakaa chini. Nimemwona akimkalisha diwani. Nimemwona akimkalisha mzee wa kanisa aliyelipia sherehe yenyewe, na mzee akakaa, ingawa hakutualika tena.

Alikuwa na misemo yake mingine. "Chuki si ushahidi." "Anayelia muulize, asiyelia muulize vilevile." Na kwetu sisi washukiwa, kila tulipomlalamikia kwamba waalikwa wametubana mno, alisema, "Shukuru umeulizwa." Msemo huo nilidhani ni wa kututania tu.

Nisimfanye malaika. Huyo mtu wa ushahidi alipopoteza simu yake kule Nkwenda, alimshika dereva wetu wa bodaboda ukosi wa shati mbele ya hadhara na kumwita mwizi, bila swali wala nusu swali. Simu ilikutwa ndani ya beseni la maharage alilokuwa amenunua mwenyewe. Alimwomba radhi yule dereva, lakini kwa sauti ya mtu anayedai radhi. Mtu aliyeua matajiri kila wiki hakuweza kuchinja kuku. Alimpelekea jirani na kwenda kusimama nyuma ya nyumba. Kwenye misiba ya kweli alilia kuliko wafiwa, mpaka ndugu wa marehemu wanaulizana huyu ni wa upande gani. Alitufokea kwa kuchelewa, na mara nyingi tulikuwa tumemsubiri yeye.

Lakini shida yake kubwa ilikuwa maiti.

Hakuna mtu Karagwe nzima aliyekubali kulala. Kuwa muuaji, watu waligombania. Kuwa mjane, wanawake walijinunulia hata kanga nyeusi. Kulala kwenye mkeka ukafunikwa shuka mbele ya watu, hapana. "Nitajiitia kifo," walisema. Dereva wetu alisema mke wake hatamfungulia mlango. Yeye mwenyewe hakuweza kulala, maana nani angeshika kipaza sauti? Akajaribu kuvisha kiti koti na kofia, watu wakacheka mpaka mchezo ukaharibika. Akajaribu kusema maiti yupo chumba cha pili na mlango umefungwa, watu wakauliza maswali ya utani. Hilo lilimuuma sana. "Mtu akiona kilicholala," aliniambia, "ndipo anauliza kwa adabu. Bila hicho wanatania tu. Mimi siuzi utani, fundi."

Ndipo likaja lile la mgomba, kule kwao Kanoni.

Jirani wa mama yake alikuwa na sherehe ya kipaimara, akamwita. Mwenye Msiba akakata shina la mgomba la urefu wa mtu, akalilaza kwenye mkeka uwanjani, akalifunika shuka nyeupe. Ukiwa mbali kidogo ungeapa ni mtu. Waalikwa waliuliza kwa adabu ambayo hatukuwahi kuiona, na mimi, niliyekuwa muuaji siku hiyo, nilikiri sauti ikinitetemeka kwelikweli. Ilikuwa mchana mzuri. Halafu mvua kubwa ikashuka, watu wakakimbia, sisi tukarukia gari la mizigo lililokuwa linarudi Kayanga, na mgomba ukabaki pale umelala.

Sasa, ambalo mimi mzaliwa wa Muleba sikulijua, na yeye alilisikia utotoni akalichukulia kuwa hadithi za bibi, ni kwamba wazee wa kule mtu wao akifia mbali na mwili usipatikane, huzika mgomba badala yake. Na mwili ukiwa haujazikwa, jembe haligusi ardhi. Asubuhi watu wa kitongoji kile wakaamka na majembe yao, mvua imenyesha, maharage yanangoja kupandwa. Wakauona mgomba chini ya shuka uwanjani kwa watu. Wakarudisha majembe ndani.

Hakuna aliyelima. Walikaa wakitazamana, udongo unakauka. Mwishowe baba yake mdogo, mdogo wa marehemu baba yake, ndiye mkubwa wa ukoo pale, aliamua. Aliyeleta msiba aumalize. Mgomba ukazikwa kwenye kibanja cha mama yake, watu wakakaa matanga, mama yake mzazi akapika kwa ajili ya wafiwa wa shina la mgomba huku akijua kuna wanaomcheka chini ya vilemba. Baba mdogo akatamka mbele ya wote kwamba mchezo ule usikanyage tena Kanoni.

Hilo la baba mdogo Mwenye Msiba alilimeza. Lililomshinda ni la mama. Mama yake alimwambia neno moja tu, "Mkate wa maiti mimi siuli." Tangu siku ile hakuonja kitu kilichotoka mkononi mwa binti yake. Sukari aliyoletewa aliwagawia majirani. Sabuni aliipeleka kanisani. Kitenge, ambacho nilikishona mimi na ninajua kilivyokaa, alimvika mwanamke mwingine, na yule mwanamke akaja nacho Kayanga sokoni mbele ya macho yetu.

Nilimshauri aache. Nilimwambia dada, rudi kwenye u-MC, harusi hazijaisha duniani, mama ni mmoja. Alinitazama kama nimemtapikia kwenye sahani.

"Nikiacha, nitakuwa nimekubali kwamba nilikuwa nafanya uchafu," alisema. "Sikubali. Atakula mkate wangu, na atakula akijua umetoka wapi."

Akaendelea. Mchezo ulikwenda Kyerwa, ulikwenda Murongo kwa wafanyabiashara wa mpakani, ukafika mpaka kwenye hoteli moja ya Bukoba ambako wageni walitaka muuaji azungumze Kiingereza na mimi nikaua kwa Kiingereza changu. Na kila alipopita njia ya Kanoni alishuka kwa mama yake na sukari. Mama akaigawa. Akaleta tena. Wakati mwingine nilikuwa naye, nasubiri nje na bodaboda. Nilimsikia akipiga magoti na kusalimia, "Shikamoo mama," na mama akiitikia vizuri tu, "Marahaba mwanangu, mmeamkaje," wakiulizana habari za mvua, za mnyauko wa migomba, za watoto. Haikuwa chuki. Ingekuwa chuki ningeielewa. Mwanamke yule alimpenda binti yake na hakula mkate wake, na yule binti alitoka pale macho yamekauka, anapanda pikipiki na kuniambia, "Twende. Wiki ijayo nitaleta mchele."

Kwa baba mdogo pia alikwenda. Alikwenda akaomba radhi, akafukuzwa. Alikwenda na jogoo, akafukuzwa, jogoo akabaki. Alikwenda kumsaidia kuvuna kahawa, akaruhusiwa kuvuna, na mazungumzo ya mchezo yakakataliwa. Mimi ningekuwa nimechoka zamani. Nilipohamia Murongo kumfuata mke wangu aliyepata kibanda cha nguo pale mpakani, nilimwacha bado anakwenda.

Huko Murongo ndiko nilikosikia habari ya Mabira. Waliileta akina mama wa Mabira, waliokuja kununua vitenge, na walinisimulia wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Huko Mabira kuna bibi mmoja, ukoo wake ulitoka Rwanda zamani, anaishi peke yake kando ya njia ya malishoni. Ng'ombe wa jirani yake walikufa, wakubwa, siku moja, mate yanawatoka. Mnajua kinachofuata. Watu walikusanyika uwanjani kwa yule bibi, jina lake likiwa tayari limeshatajwa na kila mdomo, na wengine walikuwa wameshika magongo. Akina mama wa kikundi, ambao Mwenye Msiba aliwahi kuwachezea mchezo walipofunga mwaka, walikuwa kwenye umati huo. Mmoja wao, mwenye sauti nyembamba ambaye hata mumewe hamsikii, akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa akapiga kelele, "Msinitajie jina! Nitajieni mlichokiona!"

"Tulidhani amechanganyikiwa," wenzake waliniambia. Kisha wakaanza kumsaidia, maana mchezo waliujua. Nani wa mwisho kuwaona ng'ombe wakiwa wazima? Walikuwa wapi? Walikunywa nini? Mchungaji wa ng'ombe akasema walipita mtoni. Mwingine akasema hapana, walikata kupitia bustani ya nyanya. Wakaandamana wote kwenda bustanini, magongo mkononi, wakakuta ndoo iliyochanganyiwa dawa ya wadudu imepinduliwa, na kwato zimejaa tope kuizunguka. Mwenye bustani alikuwa amesimama palepale. Na mwenye bustani alikuwa ndiye mwenye ng'ombe.

Yule bibi alirudi ndani kwake, akafunga mlango, akakaa siku kadhaa bila kuongea na mtu. Kisha akafunga mkungu wa ndizi kwenye bodaboda akasafiri mpaka Kanoni. Hakwenda kwa Mwenye Msiba. Kwetu shukrani kubwa haipelekwi kwa aliyetenda, inapelekwa kwa aliyemzaa. Alikwenda kwa mama yake, akaushusha mkungu mlangoni, akapiga magoti ingawa walikuwa rika moja, akasema, "Nimekuja kukushukuru kwa uzazi wako." Wakafunga mlango, wakaongea wawili, na walichoongea hakuna anayekijua.

Muda si mrefu Mwenye Msiba akanipigia simu. Sauti yake nilishindwa kuitambua.

"Fundi, vaa suti ya kushukiwa. Jumamosi tunacheza Kanoni."

"Nani ameruhusu?"

"Mama mwenyewe amekwenda kuniombea kwa baba mdogo."

Nikavuka Kyerwa nzima kwa bodaboda, suti nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Nilipofika nilimkuta uwanjani kwa mama yake, amekonda, nywele zimeingia mvi pembeni, anapanga viti vya kukodi na kuvipangua. Alinisalimia haraka haraka. Watu walishaanza kuingia, kitongoji kizima, hata wagonjwa. Wazee walikaa mstari wa mbele na baba mdogo katikati, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti.

Alikuwa ameweka masharti. Marehemu awe mtu mwenye pumzi, isiwe mti wala nguo. Na aamke mbele ya macho ya wote kabla ya yeyote kutoka, awasalimie watu kwa sauti, ili kifo kisibaki uwanjani. Mwenye Msiba alikuwa ameyakubali hata kabla hajamaliza kuyasema. Alikuwa amempata mtu wa kulala, fundi baiskeli wa Kayanga, mwanamume mzima mwenye ndevu. Yule bwana alifika, akauona mkeka, akaiona shuka nyeupe, akawaona wazee wanavyomtazama. Akasema anakwenda msalani mara moja. Tukasikia pikipiki ikiwaka nyuma ya migomba.

Mwenye Msiba akashika kipaza sauti na kuuliza kama yupo mtu wa kujitolea. Watu wakaangalia viatu vyao. Na mimi pia. Nilijiambia mshukiwa hawezi kuwa maiti, na nilishukuru kuwa na sababu. Akauliza tena. Baba mdogo akaanza kuikusanya fimbo yake ili asimame, na sote tulijua akisimama yeye, mambo yamekwisha, na hayatarudi tena.

Mama yake akatoka ndani. Mwanamke mdogo wa mwili, kilemba kimefungwa vizuri, anatembea akishika ukuta.

"Mnamtafuta nani?"

"Mtu wa kulala, mama," binti yake akasema.

"Nitalala mimi."

Uwanja ulichafuka. Wanawake walipiga ukelele, mtu akasema shindwa, mwingine akamshika mkono. Baba mdogo akasimama kweli. "Hapana, shemeji. Hapana waitu. Kwa umri wako utajiitia."

"Nijiitie nini?" Aliuondoa ule mkono uliomshika, taratibu. "Kaka yako alipofariki, mlikaa kwenye uwanja huuhuu. Nilikuwa ndani na maiti yake, na nilisikia mnavyonong'ona jina langu. Mwaka mzima mliligeuza geuza mdomoni. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali. Alikula nini, alianza kuumwa lini, nani alikuwa naye. Ningewajibu! Huyu mtoto alikuwa ameshika sketi yangu, akasikia yote. Alipouleta mchezo wake hapa nilidhani anakichezea kidonda changu, nikakataa mkate wake. Mwenzangu wa Mabira amenieleza mchezo wenyewe ulivyo." Alipumua kidogo. "Nataka kulala hapo nisikie mkiuliza."

Alivua kandambili zake, akaziweka sambamba pembeni mwa mkeka, akajishusha goti moja kisha la pili, akalala chali na kujinyoosha, mikono kifuani.

Nilimtazama Mwenye Msiba. Alikuwa amesimama na shuka mikononi, machozi yanamshuka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta. Alipiga magoti, akamfunika mama yake miguu, akamfunika mpaka shingoni, na hapo mikono ikagoma. Hakuweza kumfunika uso. Nami nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Mama akafungua jicho moja.

"Mbona umesimama? Fanya kazi yako, mwanangu, watu wanangoja."

Kisha akaishika shuka mwenyewe na kujifunika uso.

Mwenye Msiba aliinuka. Alijifuta kwa kiganja, akakohoa kwenye kipaza sauti, akakohoa tena, na sauti ilipotoka ilikuwa imepasuka lakini ilikwenda mpaka nyuma kabisa. Akaita washukiwa. Nikapiga hatua mbele na suti yangu ya vumbi. Akauliza nani ana swali.

Baba mdogo, ambaye alikuwa bado amesimama, akavua kofia. Aliutazama mkeka, akanitazama mimi.

"Fundi," alisema, na alisema kwa upole, "marehemu ulimwona mara ya mwisho wapi, na alikuwa na hali gani?"

Akakaa chini kusubiri jibu.